Namna Nilivyopata Ujauzito Nikiwa na Miaka Sitini na Minne

Naanza kwa kukiri, maana aibu ukiificha inaota mizizi: mimi, mjane wa mwaka wa kumi na tisa sasa, mwandishi wa zamu za maji pale kwetu Vudee, mwanamke niliyepata cheti cha kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na saba huku mwanangu Eliesha akiwa kidato cha pili (tuligombania taa moja ya kusomea, na mara nyingi nilishinda mimi), nilisimama katika ukumbi wa kungojea wa hospitali moja mjini Same, siku ya Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nikatangaza kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa kwamba nina mimba. Sikusukumwa na mtu. Nililisema mwenyewe, kwa kinywa changu.

Mnacheka. Chekeni tu, nimekwisha kuzoea. Lakini mkimaliza mnisikilize kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili lina tarehe zake, na mimi bila tarehe siwezi kusimulia hata namna ya kuchemsha makande.

Chanzo ni nyumba yangu. Ninyi mnaoishi mahali penye mtandao kila pembe hamwezi kuelewa, lakini Vudee mtandao una mahali pake pa kukaa, kama mbuzi mwenye tabia, na mahali pake ni kibaraza changu. Ukishuka hatua arobaini chini ya migomba yangu, simu inakuwa tochi tu. Kwa hiyo tangu mnara ulipojengwa, jirani akitaka kuongea na mtoto wake aliyeko mbali alikuja kwangu, na watoto wa watu wakawa na namba yangu, nami nikapiga mbio kuteremsha salamu bondeni. Namba yangu ikawa kama ndiva, lile bwawa letu la maji ya kumwagilia ambalo kila nyumba ina siku yake na saa yake ya kufungulia, na zamu hizo ni mimi ninayeziandika kwenye daftari, mwaka wa kumi na nne huu, bila kufuta mstari hata mmoja. (Hili la kutofuta mliweke akilini. Nitalirudia kwa uchungu.)

Sasa, Jumatano ya tarehe tisa Oktoba, miezi minne kabla ya aibu yangu, akaja dada mmoja wa usajili kwenye zahanati yetu, na kompyuta yake ndogo, akatuketisha kwenye mabenchi akatueleza vizuri sana. Akasema: zamani faili lako lilibaki hapa zahanati, ukiteremka Same unaanza upya kumsimulia daktari ugonjwa wako kama hadithi, unasahau nusu, na bima nayo haijui ulitibiwa nini na nani, kuanzia sasa zahanati, hospitali na bima watasoma mahali pamoja, na wewe mgonjwa utaletewa ujumbe kwenye simu yako, kipimo kikitoka utajua, dawa zikifika utajua, bima ikikukubalia matibabu utajua.

Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ambaye shinikizo langu la damu nimeliandika kila Jumatatu kwa miaka, niliona kwamba hatimaye dunia imeanza kuwa na tabia kama zangu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Naetwe, jirani yangu wa chini, mwenye miaka arobaini na moja, ambaye mumewe Yona anapakia mizigo kwenye malori Hedaru na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

"Namba ya simu, dada?"

"Simu ni ya mume wangu, na iko Hedaru pamoja naye," Naetwe akasema, akageuka kunitazama.

"Andika yangu," nikasema.

Maneno mawili. Ningeyameza siku ile, leo ningekuwa nawasimulia habari za tangawizi. Lakini nyuma ya Naetwe palikuwa na wanawake wengine wanane wa namna hiyohiyo, simu hawana au mtandao hawana, na kila mmoja alipoulizwa namba aligeuza shingo kunitazama, nami kila shingo iliyogeuka nilijibu, "Yangu, yangu, andika yangu," kama mtu anayegawa pipi.

Yule dada akasita. "Mama, hawa sasa ni tisa. Ipo sehemu ya kuandika kwamba namba ni ya jirani, ila inachukua dakika chache kwa kila mmoja. Niijaze?"

"Binti," nikamwambia, na hapa mnione nilivyoinua kidevu, "mimi ninaandika zamu za maji za nyumba sitini na mbili. Watu tisa watanishinda?"

Hakuijaza.

Mwanzoni nilitembea kama mkuu wa posta. Ujumbe uliingia bila jina, kwa ajili ya siri, ukisema tu "Ndugu mteja", lakini jina nililijua, kwa kuwa nilikuwa naandika nani kaenda zahanati tarehe gani, nikajumlisha mwenyewe kama hesabu ya darasa la tano, nikateremka mlima kumpelekea mwenyewe habari zake. Baada ya wiki sita raha ikaanza kuchacha. Simu ililia nikikoroga makande, ililia nikipalilia, ililia katikati ya sala ya chakula, na kila ikilia sikuweza kukaa: moyo ulisimama kabla ya miguu. Nikajua nani ana sukari na nani hajamwambia mumewe. Nikajua nani ana minyoo. Nikaona wanawake wakipunguza sauti nikipita, siyo kwa chuki, bali kama mtu anavyofunga mlango akiona anatazamwa, nami niliumia, nikajiambia hawana shukrani, nikaendelea kuandika.

Wakati huohuo macho yangu yalikuwa yanazimika. Mtoto wa jicho, yote mawili; ukungu, halafu maziwa. Sikumwambia mtu. Mtu aliyesoma tangu utoto akisema "sioni herufi" watu wanamhurumia, lakini sisi tuliosoma uzeeni tukisema hivyo tunaogopa jambo moja tu: watasema, mnaona, kumbe hakuwahi kujua. Aliyegundua ni mke wa Eliesha, alipokuja Krismasi, akaniona nimeshika Biblia kichwa chini miguu juu. Ni binti mwenye adabu. Alichukua simu yangu akaipanga iwe inasoma ujumbe kwa sauti, ukigusa mara mbili inakusomea yote ambayo hayajasomwa, mfululizo. Nami nikaipandisha sauti mpaka mwisho ili niisikie nikiwa shambani.

Ndivyo ilivyonisomea, Jumatatu ya tarehe ishirini Januari, kwamba Ndugu mteja ana ujauzito. Aliyekuwa amekwenda kupima ni Naetwe. Nilishuka nikamkuta anachambua maharage, nikamwambia, akaweka ungo chini taratibu kama umejaa mayai.

Lazima niwaeleze kuhusu Naetwe. Amepoteza mimba nne. Na baba mkwe wake, Mzee Elirehema, mzee wa kanisa, mtu mwema kama mvua ya kwanza, ana ugonjwa mmoja: furaha haimkai tumboni. Mimba zote nne alizitangaza usharikani, na ya mwisho aliitolea mbuzi wa shukrani, akamzungusha yule mbuzi madhabahuni na utepe shingoni, na wiki tatu baadaye Naetwe alipita katikati ya watu walewale, mikono mitupu, kila mmoja akimpa pole mpaka pole zenyewe zikawa kama mawe.

"Mama," akaniambia siku ile, "safari hii baba asijue mpaka tumbo liseme lenyewe. Niapie. Nikipita tena kwenye zile pole sitainuka."

Nikaapa. Kisha nikapanda nyumbani nikaandika kwenye daftari: jina lake, neno ujauzito, na tarehe ya kliniki. (Msiniulize kwa nini niliandika. Mlevi unamuuliza kwa nini anakunywa?)

Haya. Februari. Madaktari wa macho wakaja Same kwa siku moja, na kesho yake waondoke kwenda wilaya nyingine mpaka Agosti. Nilikuwa kwenye orodha, bima ilikuwa imeombwa, nikatakiwa kuja na msindikizaji kwa kuwa baada ya upasuaji utarudi umefungwa jicho. Naetwe akajitolea. Na Mzee Elirehema naye akaja, kupima miwani, kwa hiyo tukateremka watatu kwenye gari la alfajiri, naye akanibebea mkoba. Kwa heshima tu, nasisitiza. Tangu mkewe afariki aliwahi kuniletea mbegu ya tangawizi mara mbili, na kijiji kikafanya kazi yake ya kawaida ya kuongeza maji kwenye mchuzi.

Mnara wetu ulikuwa umelala siku tatu. Kwa hiyo gari lilipomaliza kona za mwisho na joto la Same likatupiga usoni, jumbe zote za siku tatu zikashuka kwa pamoja ndani ya mkoba wangu mapajani kwa Mzee Elirehema: ti, ti, ti, ti.

"Mama Eliesha," akasema kwa kustaajabu, "wewe ni ofisi kamili."

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Ukumbini palijaa. Kwenye dirisha la bima alikuwa binti mmoja mwenye haraka, na mbele yake kompyuta.

"Bibi, bima hutuma namba ya kibali kwenye simu yako. Nisomee."

Bibi! Nikameza. "Nipe nafasi."

"Nipe simu basi nikusomee mimi, foleni ndefu." Akanyoosha mkono dirishani.

Hapo ndipo ningeokoka. Ningempa simu, angesoma kimyakimya, mambo yangeisha. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu kama hamsini, na mimi nilisikia tu neno moja, nikusomee, likanichoma pale palepale pa zamani, nikasema kwa Kiswahili changu cha cheti, "Asante binti, simu yangu inajitegemea," nikaiinua juu kidogo ili waione, nikagusa mara mbili.

Kumbukeni sauti ilikuwa ya shambani.

"Ndugu mteja," simu ikasema, kwa ile sauti ya kike isiyo na kwao, "dawa zako za shinikizo la damu zimefika zahanati. Usiruke dozi."

Sawa. Nani hana shinikizo.

"Ndugu mteja. Majibu ya kipimo chako cha choo yametoka. Umeonekana na minyoo."

Mtu akakohoa. Nikabonyeza kuizima.

"Ndugu mteja. Sukari yako ipo juu. Punguza wanga. Ndugu mteja. Hongera. Ujauzito wako sasa una wiki kumi na sita. Hudhurio lako la kliniki ni tarehe ishirini na saba Februari. Njoo na mwenza wako."

Ukumbi wote, kwa pamoja, kama askari waliopewa amri, ukageuka kumtazama mwanamume aliyeshika mkoba wangu.

Nikabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, nayo simu ikadhani nimependezwa: "Ndugu mteja. Hongera. Ujauzito wako..." Nikaitumbukiza ndani ya kanga. Ikaendelea kunipongeza kifuani.

Yule binti wa bima hakucheka. Alikuwa anatazama kompyuta yake. "Aa," akasema, "basi ndiyo maana namba haikuja. Mama, kibali chako kimesimamishwa. Kumbukumbu zote zilizoshika namba hii ya simu zimejikusanya kwenye faili lako. Hapa una miaka sitini na minne na una mimba ya wiki kumi na sita, na bima wamesimamisha upasuaji mpaka waelezwe."

"Binti, wewe mwenyewe unaniona!"

"Mimi nakuona. Bima hawakuoni, wanaona kilichoandikwa."

"Basi siyo yangu."

"Ni ya nani?" Hakuuliza kwa ubaya. "Nitajie jina tu, nalitenganisha hapa, nawapigia bima, daktari anafunga orodha saa tano, unawahi. Jina tu, mama."

Jina tu. Macho yangu yalikuwa upande mmoja wa lile jina, na upande mwingine alikuwa Naetwe, amesimama karibu na nguzo, hatua sita kutoka kwa baba mkwe wake. Uso wake sikuuona, ukungu haukuniruhusu; niliona rangi ya njano tu ya kitenge chake, na ile njano haikutikisika hata kidogo, kama mtu aliyeacha kupumua.

Nikajifanya mjanja. Nikasema, "Limo kwenye daftari, nitakuonyesha," nikiwaza nitaweka kidole kwenye mstari, binti atausoma kwa macho, basi. Nikatoa daftari. Nikafunua. Maziwa matupu. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, karatasi zikichakarika mkononi, foleni ikiguna, na Mzee Elirehema, kwa ule wema wake unaoua, akasema:

"Lete, Mama Eliesha. Miwani yangu bado ina nguvu. Nikusomee."

Na akalichukua. Akalifungua kwenye utepe wa kuwekea alama, palepale penye jina la mkwewe, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso, akakohoa, vilevile anavyokohoa akitaka kusoma somo la kwanza mbele ya usharika. Nikaona, naapa nikaona kwa macho yasiyoona, mbuzi mwenye utepe shingoni.

Nikampokonya daftari. "Ni yangu!" nikapiga kelele. "Mimba ni yangu! Haya! Ni yangu mimi!"

Mtoto mmoja aliyekuwa analia akaacha.

"Mama Eliesha!" Mzee Elirehema akasema, sauti imempanda mpaka kwenye paa. "Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Mzee, kuna mtu kakuuliza?" sauti ikatoka kwenye foleni, na hapo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mama mmoja wa Kimaasai, aliyetoka tambarare na wajukuu wawili, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aliinuka, akanishika mkono kwa heshima zote, akaniketisha mahali pake. "Kaa, mama," akasema. "Mtoto ni mtoto. Mungu hana saa." Nilitamani sakafu ifunguke kama ndiva siku ya zamu.

Binti wa dirishani akaandika kitu. "Basi kama ni yako, upasuaji leo hapana. Nenda kliniki ya wajawazito, mlango wa kijani. Na mzee pia aende, wanataka mwenza."

"Mimi nimekuja kupima miwani!" Mzee Elirehema akalia.

Nilikwenda kwenye mlango wa kijani peke yangu, nikipapasa ukuta. Muuguzi wa mle alikuwa mama wa makamo, akaniketisha, akafunga mlango. Ule ndio mlango wa kwanza kufungwa tangu asubuhi, na ulipofungwa tu nikaanza kulia, nikamweleza yote, tangu tarehe tisa Oktoba, bila kuruka siku. Kabla sijamaliza mlango ukagongwa, kitenge cha njano kikaingia, Naetwe akapiga magoti akashika miguu yangu, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua.

"Mama," muuguzi akaniambia akibofya kompyuta, "pale dirishani ungesema tu: naomba tuongee faragha. Wangekuleta hapa dakika ileile. Ni haki yako, na ni haki ya huyu pia."

"Sikujua kama ipo."

"Ipo. Na hii kuunganisha taarifa ni ili daktari ajue na bima ijue. Siyo ili jirani ajue."

Sijawahi kupigwa kofi laini kama lile.

Akawatenganisha wote tisa, mmoja mmoja. Dakika chache kwa kila mtu, zilezile dakika nilizomzuia dada wa usajili asizitumie. Alipomaliza akapiga simu bima, wakamwambia ombi litumwe upya. Ilikuwa saa tano na dakika sita. Orodha ya macho ilikuwa imefungwa, na jina langu halikuwamo, na ukungu wangu nikapanda nao mlimani jinsi nilivyoteremka nao. Mkoba niliubeba mwenyewe.

Wenzangu, habari ilifika Vudee kabla yetu. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimeletewa uji wa ulezi mara mbili na udongo wa kula kifurushi kimoja, aliyeleta akinikonyeza. Na Alhamisi ya tarehe ishirini na saba (siku ileile ya hudhurio, Naetwe akiwa kliniki) wakaja wazee wa kanisa watatu, wakaketi kibarazani kwangu, kofia mapajani. Mzee Elirehema hakuwamo, aliomba udhuru.

Mkubwa wao akaanza mbali, akaizunguka mvua, akazunguka bei ya tangawizi, mwisho akatua. "Mama Eliesha, tumesikia neno. Kanisa lina utaratibu wake, unaujua. Kama kuna jambo, liseme, tukusaidie kurudi kundini."

Nilikuwa na jina mdomoni. Nawaambieni ukweli, lilinisukuma meno. Miaka kumi na tisa ya ujane bila doa, na kusafishika ni jina moja tu! Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena, nikaenda kuangalia jiko lisilokuwa na moto.

"Wazee wangu," nikasema niliporudi, "mimba huwa haifichiki, siyo kweli?"

"Kweli."

"Basi ngojeni mpaka Agosti mtaona wenyewe."

Wakatazamana. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Ile miezi ndiyo iliyonizeesha. Kila asubuhi nilisikiliza bonde kama mtu anayesikiliza kama kuna maji kwenye mfereji: Naetwe ameamka? Anatwanga? Kimya ni cha nini? Simu yangu sasa ilikuwa kimya, ujumbe wa Naetwe ukienda kwenye kijisimu ambacho Yona alimnunulia, akiukimbilia mwenyewe kilimani kila siku mbili, nami sikuwa najua lolote, na kutojua kulinikosesha usingizi kuliko kujua. Alikuja mara mbili kuniambia, "Mama, acha niseme, unaaibika kwa ajili yangu." Nikamkatalia mara mbili. Ilikuwa upendo, lakini nisijipake mafuta: na kiburi kilikuwamo. Nilikuwa nimetoa neno langu, na lilikuwa kitu pekee nilichobaki nacho kisicho na doa.

Jumapili ya Pasaka, tarehe ishirini Aprili, Naetwe aliingia kanisani bila kujitanda kitenge. Sikumwona, nilisikia. Minong'ono ilianza benchi la nyuma ikaja mbele kama upepo kwenye mahindi, kisha nikasikia shingo zikigeuka kunitazama mimi, mmoja baada ya mwingine, wakijumlisha hesabu ya darasa la tano. Mzee Elirehema hakutangaza kitu. Alilia tu, kwa sauti, kwenye wimbo wote wa pili.

Jioni yake akaja kwangu na mbegu ya tangawizi. Akasimama mlangoni hataki kuingia.

"Mama Eliesha," akasema, "nimekuja kuomba radhi kwa kujitetea kabla sijashtakiwa."

"Pita ndani, mzee," nikamwambia. "Tulishaaibika, tutaaibikia nini tena?"

Mtoto alizaliwa Jumapili ya tarehe tatu Agosti, mzima, wa kike, mwenye mapafu ya tarumbeta. Madaktari wa macho walirudi, nami nilipasuliwa jicho la kwanza Jumanne ya tarehe ishirini na sita, faili langu likiwa na mtu mmoja tu ndani yake, na yule binti wa dirishani aliponiona akainuka kabisa kwenye kiti. "Shikamoo mama," akasema. "Mtoto hajambo?" Nikamwambia, "Marahaba. Hajambo, ila sura kafanana na watu wengine."

Sasa nimeweka nadhiri, na ninaitimiza kwa shida. Mwezi Septemba yule dada wa usajili alirudi zahanati, akamwita bibi mmoja wa bondeni asiye na simu, akamuuliza namba, na shingo ya yule bibi ikageuka, na za wengine wote zikageuka. Ulimi uliniwasha kama nimetafuna tangawizi mbichi. Nikatazama paa. Nikalichunguza lile paa la zahanati msumari kwa msumari, mpaka nikasikia dada anasema, "Basi tunajaza ile sehemu ya jirani, bibi, dakika chache tu, na tutachagua ni ujumbe upi aupokee." Namba yangu ni yangu. Ndiva ni ya maji, siyo ya siri za watu.

Lakini kuna moja sijamwambia hata Naetwe, nanyi nawaambia kwa sababu nimeanza kukiri na siwezi kusimama njiani. Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa Agosti, nikiwa nimerudi nyumbani na jicho jipya, jambo la kwanza nililofungua siyo Biblia. Nilifungua daftari kwenye utepe, ukurasa wa Januari, nione mwandiko wangu mwenyewe tuliokosana nao kwa muda mrefu. Nikautazama ukurasa ule karibu, nikautazama mbali, nikaupeleka dirishani kwenye mwanga.

Hapakuwa na neno lililosomeka. Hata moja. Nilikuwa nimeandika juu ya niliyoandika, mstari juu ya mstari, minyoo ya huyu juu ya sukari ya yule juu ya zamu za maji, jina la Naetwe limezikwa chini ya tarehe nyingine sita, wino umelaliana kama kuni mvunguni. Kumbe Mzee Elirehema, mtu mwema, alikunja uso na kukohoa pale dirishani kwa kuwa haoni kitu, na hakutaka kunifedhehesha mbele za watu kwa kusema kwamba Mama Eliesha hajui kuandika.